Dereva na Simu ya Upepo

Kila aliyemfahamu alimwita Dereva, na wengi hulitaja neno hilo kwa sauti ya heshima. Mimi nikilisikia namkumbuka akijikohoza, anashusha kioo cha gari taratibu, anatema kohozi kwenye shamba la mtu, halafu anapandisha kioo, anajifuta midomo kwa leso nyeupe iliyopigwa pasi na kugeuka nyuma kumwambia mgonjwa asiegemee mlango kwa sababu anauchafua.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ukoo wake. Wapo wanaoyajua hayo, na watayasema vizuri kuliko mimi. Nitasema niliyoyaona nikiwa nesi wa zahanati ya kijiji kimoja cha bondeni, wilaya ya Mbulu, upande wa kwenda Haydom. Nililetwa huko kutoka Tabora, sijui baridi wala Kiiraqw. Mtandao wa simu ulikuwa haufiki bondeni, na masika yakikolea hata basi halikufika. Gari lililoweza kupanda ule mlima wenye matope lilikuwa moja tu, Landrova ya zamani, ya kijani, na Dereva ndiye mwenye nayo. Mgonjwa akizidiwa, tulikuwa na Dereva au hatukuwa na kitu.

Siku niliyoripoti kazini nilimwamkia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Nikanyoosha mkono. Akautazama kama mtu anayetazama chakula kilicholala, kisha akanipa kifundo cha mkono wake nikishike. "Ninyi wa hospitali mikono yenu inapita kwingi," akasema.

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Katika miaka yote niliyofanya kazi pale sikuwahi kumwona akimshika mgonjwa, hata kumkamata mtu asianguke. Ndugu walibeba, mimi nilibeba, na yeye alisimama pembeni ameshika funguo, analinda rangi ya gari isikwaruzwe na machela.

Kabla mtu hajapanda alisema maneno mawili: "Futa miguu." Alimwambia mzee mwenye nimonia, aliyekuwa akivuta pumzi kwa shida. Aliwaambia wanawake wenye uchungu. Nimemwona mama mjamzito ameshikilia mlango wa Landrova, kichwa amekiinamisha, anangoja uchungu upite ili apate nguvu ya kufuta kisigino chake kwenye gunia. Sakafu ya nyuma aliitandika nailoni nyeusi, na juu ya viti vya mbele alivika vitambaa vyeupe alivyofuma mke wake, vyenye maua ya bluu pembeni. Mke wake alilima vitunguu saumu, lakini vitunguu hivyo vilisafiri kwa punda hadi mnadani, maana Dereva hakutaka harufu yake ndani ya gari.

Kilichonichefua hasa ni kwamba mtu huyu aliyechukia uchafu wa wengine aliupenda wa kwake. Alifuga ukucha wa kidole kidogo mpaka ukajikunja, na kwa ukucha huohuo alimenya mayai ya kuchemsha akiwa kwenye usukani, huku nyuma mtu anatapika. Alilila yai kwa vipande vidogo, akikinusa kila kipande kabla ya kukitia mdomoni. Akimaliza alichokonoa sikio, akautazama ukucha, akaufuta kwenye suruali upande wa ndani, pasipoonekana.

Lakini hakuwahi kukataa safari, na ningekuwa mwongo nisingesema hivyo. Mvua, ukungu, Krismasi, siku ya msiba wa kaka yake, ukimwita alikuja, na hakuwahi kumdai mtu hata shilingi. Alilala chini kwenye matope kufunga minyororo ya magurudumu peke yake. Mwaka ambao mto ulijaa wakati wa mitihani ya majaribio ya darasa la saba, aliwavusha watoto wa shule kwa zamu mpaka wote wakaisha, na kila zamu alisema, "Futa miguu." Wazazi walicheka. Walimpenda. Nami nilikaa katika gari lake mara nyingi nikimshukuru na kumchukia kwa pamoja, na hayo mawili yakikaa tumboni mwa mtu kwa muda mrefu yanaoza.

Sasa nije kwenye redio. Wilaya ilituletea simu za upepo mpya, zile ndogo za kisasa ambazo wengine huziita redio koli. Moja iliwekwa hospitalini Haydom na nyingine ilikuwa ya kufungwa kwenye Landrova, ili tukiwa njiani niweze kueleza hali ya mgonjwa na wao wajiandae. Alikuja fundi kutoka Babati, mtu mnene mwenye maneno machache. Akafungua boneti, akamulika tochi, akasimama wima.

"Mzee, gari lako limegeuzwa," akasema.

"Halijageuzwa," Dereva akajibu. "Limetoka kiwandani hivyo."

Fundi alinieleza baadaye, kwa kuwa mimi ndiye niliyetakiwa kusaini. Magari ya siku hizi, waya wa hasi wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi. Landrova ile, kama magari mengi ya zamani ya Waingereza, ilifungwa chanya kwenye bodi. Redio mpya nayo, boksi lake la chuma na waya wa eriali vyote vinaungana na hasi. Ukiifunga kwenye dashibodi ile na kuipa umeme wa gari, chanya na hasi vinakutana kwenye chuma na redio inatoa moshi kabla hujasema "haloo".

"Tunaweza kuligeuza gari," fundi akasema. "Nageuza betri, naichokoza dinamo kwa waya ikubali upande mpya, nabadilisha waya za koili. Ni kazi ya asubuhi moja."

Dereva alifunga boneti. "Hakuna mtu atakayeligeuza gari langu kwa ajili ya kikopo hicho. Na eriali hutoboi tundu."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho fundi akapata njia. Redio ingepewa betri yake yenyewe, mbali na ya gari, ndani ya kasha la mbao chini ya kiti cha kati. Eriali ingekaa kwenye kibano bila tundu. Betri ikiisha moto italetwa zahanati, ichajiwe kwa sola yetu. "Ila sikilizeni," fundi akasema, akitutazama sote wawili. "Betri hii na ile ya gari zisiunganishwe hata kwa waya mmoja."

Tulijaribu. Dereva alishika kipaza sauti kwa ncha za vidole, baada ya kukifuta. "Hospitali, hospitali, hapa Landrova, mnanipata? Ova." Sauti ikajibu kutoka Haydom, safi kabisa, na watu waliokusanyika wakapiga makofi. Dereva akajisahau, akatabasamu, na nikaona kwamba alikuwa na meno mazuri.

Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda sawa. Nilizoea kumsikia mbele akisema na hospitali huku mimi niko nyuma na mgonjwa, kati yetu kuna pazia la turubai alilolitundika mwenyewe kuzuia harufu; majibu ya hospitali yalimezwa na mngurumo wa injini. Siku moja niligundua kwamba betri haijaletwa kuchajiwa muda mrefu. Nikamuuliza.

"Nachajisha dukani, Nesi," akasema. "Pale wana paneli kubwa. Usijisumbue."

Sikujisumbua. Kwa nini nijisumbue, wakati kila safari nilimsikia akiongea? Tulipofika na kukuta hakuna anayetungoja getini, nilisema moyoni kwamba hospitali kubwa ina shughuli zake, na wagonjwa niliokuwa nao waliweza kungoja.

Kisha ikaja siku ya Paskalina. Alikuwa msichana wa mashambani tu, ameolewa kwa bidii za mama mkwe wake, na hiyo ndiyo mimba yake ya kwanza, imefika mwezi wa tisa. Walimleta zahanati mchana, jua limewaka, kanga yake imelowa damu mpaka chini. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Nilijua kondo la nyuma limeanza kuachia. Moyo wa mtoto niliusikia, unakwenda polepole. Nikatuma mtu kwa Dereva, naye akafika upesi kama kawaida yake. Akaitazama ile kanga.

"Mwekeeni nailoni nyingine juu," akasema. "Na ninyi mnaompandisha, futeni miguu."

Tulipoanza kupanda mlima nilimpigia kelele kupitia pazia: "Mzee, waambie hospitali. Damu inatoka nyingi, kondo limeachia. Waambie waandae damu na chumba cha upasuaji."

Nikamsikia. Hata sasa ninaisikia sauti ile. "Hospitali, hospitali, hapa Landrova. Tuna mama anatoka damu nyingi, kondo limeachia. Andaeni damu, andaeni chumba cha upasuaji. Ova." Akanyamaza kidogo, injini inanguruma, kisha akasema, "Sawa sawa, tumeelewana. Ova."

Mama mkwe wa Paskalina akamwinamia mkwewe akamwambia kwa Kiiraqw kwamba madaktari wanajua, wanatungoja. Paskalina akafumba macho. Akatulia kweli.

Juu ya mlima ule kuna mahali, karibu na kanisa, ambapo simu za mkononi zinashika. Kila anayesafiri njia ile anapajua. Nilipoona tumefika pale nikagonga bodi. "Mzee, simama hapa nipige simu pia, niongee na daktari mwenyewe?"

"Nimeshaongea nao," Dereva akasema. "Ukisimama unapoteza muda."

Hakusimama. Tulipokaribia Haydom ndipo aliposimama, penye kijito. Alimtaka shemeji yake Paskalina, aliyepanda nasi, achote maji kwa ndoo amwage nyuma, kwa kuwa damu ilikuwa imeanza kupita chini ya nailoni. Nilimwambia maneno ambayo sikufundishwa chuoni. Akawasha gari, lakini alikuwa amechukia.

Getini hapakuwa na mtu. Mapokezi hapakuwa na habari. Daktari wa upasuaji alikuwa amemaliza kazi yake ya asubuhi na ameenda kula nyumbani, jambo ambalo ana haki nalo mtu yeyote ambaye hajaambiwa kitu. Walikimbia, siwezi kuwalaumu hata kidogo. Muuguzi mmoja alikimbia peku. Lakini damu ilikuwa bado haijapimwa wala kutafutwa, na chumba kilikuwa kinasafishwa. Paskalina aliingia hai, akatoka hai. Mtoto, wa kiume, alitolewa amekwisha kufa. Nilimuuliza daktari kama mtoto angepona iwapo tungewakuta wamejiandaa. Alivua glavu, akafikiri. "Moyo uliusikia mwanzoni?" Nikasema ndiyo. "Basi huenda," akasema. "Huenda angepona."

Nikaenda kwenye chumba cha redio kutafuta mtu wa kumgombeza. Nilimkuta kijana mpole aliyevaa sweta, redio yake imewaka mbele yake. Nilimwambia tuliita kutoka mlimani. Akanitazama kwa mshangao.

"Dada, Landrova yenu sijaisikia tangu mvua za mwanzo wa masika," akasema. "Nilidhani mmeiharibu. Nimekuwa nikiwaita kila asubuhi."

Nilirudi nje. Dereva alikuwa ameishusha nailoni, anaisugua kwa sabuni chini ya bomba, leso imefungwa puani. Nilifungua mlango wa mbele, nikanyanyua kiti cha kati, nikafungua kasha. Ndani mlikuwa na dawa ya viatu, brashi, na kitambaa kimoja cheupe kilichokunjwa vizuri. Waya wa redio ulikuwa umezungushwa na kufungwa kwa uzi.

"Betri iko wapi, mzee?"

Aliendelea kusugua. "Iko nyumbani. Ilikuwa inamwaga asidi kila tukiruka shimo. Imetoboa kitambaa cha mama watoto. Imekula na kiti."

"Na mlimani ulikuwa unaongea na nani?"

Hapo akasimama, akaishusha leso kidevuni. Uso wake haukuwa na aibu yoyote. Ulikuwa uso wa mtu anayeulizwa jambo lililo wazi.

"Nilikuwa namtuliza mgonjwa," akasema. "Mgonjwa akisikia wanamngoja, anatulia. Umeona mwenyewe alivyotulia."

Niliwahi kuona vidonda vyenye funza, nikavisafisha na kwenda kula. Siku ile nilitapika penye maua ya hospitali, na Dereva akasogea mbali zaidi asirukiwe.

Niliporudi kijijini nilisema yote kwenye mkutano. Nilisema kwa Kiswahili, na mwalimu mmoja akatafsiri kwa wazee. Walinisikiliza. Dereva alisimama, akaeleza habari za asidi, akaeleza habari za kumtuliza mgonjwa, akaketi. Mwenyekiti akaniuliza, bila ubaya wowote, "Nesi, tumekusikia. Sasa nani mwingine ana gari?"

Halafu mama mkwe wa Paskalina akasimama, akamshukuru Dereva kwa kumleta binti akiwa hai.

Niliandika wilayani. Fundi wa Babati akarudi na betri nyingine, ile iliyozibwa kabisa isiyomwaga, akaifunga kwa mkanda wa chuma mahali ambapo mtu haitoi bila spana kubwa. Aliifunga bila kuligeuza gari na bila kutoboa bodi, kwa sababu Dereva alisimama karibu yake muda wote. Tangu siku hiyo nikawa mimi ndiye ninayeongea na hospitali. Nilikaa mbele, kwenye vitambaa vya maua ya bluu, nikishika kipaza sauti kwa mikono yangu inayopita kwingi, na sikuondoka zahanati kabla sijasikia sauti ikinijibu. Dereva alitazama upande wa dirishani. Mara nyingine nikiwa katikati ya maneno alijikohoza, akashusha kioo, akatema.

Tuliendelea hivyo miaka. Watu huniuliza niliwezaje. Niliweza kwa sababu wanawake waliendelea kuzaa na mlima ulikuwa palepale. Paskalina alipata watoto wengine, na kila alipokutana na Dereva njiani alipiga goti kidogo na kusema "Shikamoo, baba," naye akamwitikia na kumpa kifundo cha mkono. Nilitamani nimwinue yule binti pale chini. Nilimuuliza siku moja kama hana uchungu naye. Alifikiri sana. "Alinifikisha," akasema. "Wengine hawafiki."

Baadaye barabara ikatengenezwa, mnara wa simu ukajengwa, gari la wagonjwa likaja. Landrova iliuzwa kwa mtu wa Arusha anayekusanya magari ya zamani. Mimi nilihamishiwa wilaya ya Hanang, na nikaamini sitamwona tena.

Mwaka huu, siku ya mnada, nilikuwa stendi ya Katesh nangoja basi la Babati. Mbele ya duka la vipuri watu walikuwa wamekaa kwenye benchi, wengine wamesimama, wanamsikiliza mzee mmoja. Nilimtambua kwa leso. Alikuwa amekonda, na mtoto wa jicho ameziba macho yote mawili yakawa kama maziwa. Binti yake anaishi pale mjini, nilisikia baadaye, na kila siku humleta dukani apate watu wa kuongea nao.

Alikuwa anasimulia safari ya Paskalina. Hakumtaja jina, alisema "binti mmoja". Alieleza matope, ingawa siku ile jua lilikuwa kali. Alieleza jinsi alivyofunga simu ya upepo ya kisasa kwenye gari lililogeuzwa umeme, kazi ambayo mafundi wa Babati walishindwa. Alieleza alivyoita hospitali akiwa mlimani. Akaiga sauti yake mwenyewe, kisha akaiga sauti ya daktari akimjibu. "Tukafika getini, madaktari wamejipanga na machela. Nusu saa tu, nikasikia mtoto analia. Nilikaa ndani ya gari langu nikalia na mimi."

Mama mmoja mwenye kikapu akajifuta macho.

Sikukusudia kusema kitu. Lakini nilisikia sauti yangu ikiuliza, "Na huyo mtoto yuko wapi sasa?"

"Yuko sekondari," Dereva akajibu upesi. Kisha akageuza kichwa, sikio lake likanielekea. "Nesi?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Uso wake ukachangamka kwa furaha ya kweli, na hilo ndilo baya kuliko yote. Akanyoosha mkono hewani, kuelekea niliposimama. "Jamani, huyu alikuwepo. Nesi mwenyewe ndiye huyu. Muulizeni."

Wote wakageuka kunitazama, na nyuso zao zilikuwa tayari kunishukuru.

"Mtoto alikufa," nikasema. "Redio haikuwa na betri. Aliitoa ili isichafue kiti, akawa anaongea peke yake. Hospitali hawakusikia chochote."

Kijana mmoja alishusha macho, akawa anatazama viatu vyake. Dereva alitikisa kichwa polepole, kwa upole, kama mtu anayemhurumia mtoto.

"Wagonjwa walikuwa wengi sana," akawaambia. "Ile kazi inachosha akili. Anawachanganya."

Nikaona nyuso zao zikilegea. Mtu akaguna kwa huruma, na huruma hiyo ilikuwa kwa ajili yangu. Mwingine akaniuliza kama nataka kukaa. Hapo basi likaingia, na Dereva akawa ameshaanza habari nyingine.

Yule mama mwenye kikapu alikuwa anasafiri pia. Akakaa kiti cha pembeni yangu, akapanga kikapu chake miguuni, akanitazama kwa muda.

"Kwa hiyo ulifanya naye kazi kweli?" akauliza.

"Nilifanya naye," nikasema. "Miaka mingi."

"Umebahatika, dada," akasema, akanipa karanga.